MAISHA YA J. A. HUNTER: MWINDAJI ALIYEZEEKEA BUSTANINI KIBOKO

Kiboko ni mahali ambapo jua likiwaka hata mbuzi hung'ang'ania kivuli cha nguzo ya stima. Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa utasafiri kama kilomita 160 hivi, na kabla hujafika Makindu utatupita. Wengi hutupita wakiwa wamelala fofofo ndani ya basi. Lakini kando ya barabara hiyo pana miti mirefu yenye gome la rangi ya manjano, maji yanayometameta na ndege wasio na idadi. Mahali hapo panaitwa Hunter's Lodge, nasi wenyeji twasema kwa Hunter, basi.

Tangu utotoni nilidhani hilo ni jina la biashara tu, kama majina yanayoandikwa juu ya hoteli za chai. Kumbe Hunter alikuwa mtu, tena mtu wa damu na nyama, na habari zake zinaigusa hata sahani ya isyo ninayokula kwetu. Leo nataka niwasimulie maisha yake. Lakini kwanza niwaambie jinsi nilivyokutana na jina lake.

Mwaka jana, muhula wa pili, Chama cha Kiswahili kiliungana na wanafunzi wa Bayolojia tukaenda kutembelea bustani ile, kupumzisha akili na kujifunza miti. Shule yetu ni ya kutwa na haina basi, kwa hivyo tulipanda gari namba kumi na moja, yaani miguu yetu miwili. Kila mtu alibeba chupa ya maji na daftari. Mwalimu wa Bayolojia alituagiza tuandike jina la kila mti kwa Kiswahili na kwa Kikamba, pamoja na faida yake. Naye mwalimu mlezi wa chama akaongeza kwamba yeyote atakayeandika mti fulani au mti mwingine atakiona cha mtema kuni.

Njiani tuliandika muaa, yaani ule mgunga wenye umbo la mwavuli ambao maganda yake ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Tukaandika kilului, ambao Waswahili wengine huuita mjunju, mti wenye miiba ya kutisha lakini matunda yake huliwa. Tukaandika mukau, ambao mbao zake hazitafunwi ovyo na mchwa. Mbegu yake imefungwa ndani ya kokwa gumu kama jiwe, na asiyejua kulipasua bila kuiumiza mbegu atangoja mche mpaka achoke.

Tulipoingia bustanini, lo! Ilikuwa kama kutoka jikoni na kuingia mtungini. Miti ya pale ni mgunga wa aina yake, mrefu, wenye gome la manjano kama limepakwa unga. Mwalimu alikwangua kidogo kwa ukucha, tukaona rangi ya kijani chini yake. Alitueleza kwamba shina la mti huo husaidia majani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Pia akatueleza kisa chake. Wazungu wa kwanza waliupa jina la mti wa homa, kwa sababu kila waliyepiga kambi chini yake aliugua. Mti maskini wa Mungu ulisingiziwa! Kosa lake ni kupenda kuota penye maji, na penye maji pana mbu. Ilikuwa mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross alipogundua huko India kwamba mbu ndiye abebaye vijidudu vya malaria.

Nayo maji yenyewe yanatoka wapi katika nchi kavu kama yetu? Mvua ikinyesha juu ya vilima vya Chyulu, ambavyo ni vya volkano, maji hayatiririki juu kama mito ya kwingine. Huzama ndani ya mawe yenye matundu, yakasafiri chini kwa chini, kisha yakatokeza kwa chemchemi hapa Kiboko, kule Makindu, Kibwezi na hata Mzima ndani ya Tsavo.

Tukiwa tumekaa kivulini tukila viazi vitamu, mwenzetu mmoja akauliza huyo Hunter alikuwa nani, na kama alikuwa mwindaji kweli au ni jina tu. Kimya. Hata walimu walitazamana. Mwalimu mlezi alikuna kichwa, kisha akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa nikicheka, akasema kwamba jibu litatoka katika gazeti la chama na mwandishi amepatikana. Cheka cheka yangu ikaniponza. Mwalimu huyohuyo baadaye alinitafutia kitabu kikuukuu cha Hunter mwenyewe, kilichochapishwa mwaka 1952. Nikakisoma kwa taabu, kamusi mkononi.

Basi, John Alexander Hunter alizaliwa mwaka 1887 kusini mwa Skotilandi, karibu na mabwawa ya pwani yenye bata wengi wa mwituni. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto huyu hakupenda shule wala ibada. Alipenda bunduki. Utafikiri alizaliwa nayo mkononi. Mwaka 1908, akiwa kijana wa miaka ishirini na moja tu, alipanda meli akaja Kenya kuanza maisha kwa jamaa yake mwenye shamba. Mambo ya shambani hayakumpendeza. Aliondoka akapata kazi ya gadi kwenye treni ya Mombasa na Nairobi.

Fikiria, msomaji. Reli hiyo ndiyo hii yetu iliyopita Makindu. Maana yake kijana huyo, zaidi ya miaka hamsini kabla ya kufa kwake, alikuwa akipita hapa hapa na kurudi, akichungulia dirishani. Hakuwa akichungulia mandhari. Alikuwa na bunduki yake ndani ya behewa, na akiona simba au chui karibu na reli, treni husimama, anampiga, anachuna ngozi na kwenda kuiuza. Siku hizi ukifanya hivyo utalala ndani. Siku zile palikuwa na wanyama wengi hata watu wakafikiri hawawezi kuisha.

Baada ya muda aliona ngozi na pembe zinamlipa kuliko mshahara wa reli. Akawa mwindaji wa kazi, akiwaongoza matajiri kutoka Ulaya na Marekani waliokuja kuwinda. Mwaka 1918 alimwoa Hilda Banbury, wakapata watoto. Miaka ya 1920 serikali ilimpeleka Umasaini ambako simba walikuwa wakimaliza ng'ombe wa watu. Katika muda wa miezi mitatu hivi aliua simba 88. Sifa zake zikavuma. Mahali popote ambapo tembo amevunja mashamba au nyati ameua mtu, huitwa Hunter. Baadaye akawa mtumishi wa Idara ya Wanyama, na kituo chake kikawa Makindu. Sasa amefika kwetu.

Hapa ndipo kisa kinapoanza kuwa kigumu, na hapa ndipo kalamu yangu iliposimama kwa wiki mbili nzima.

Miaka ya 1930, Wakamba wa milima ya Machakos walikuwa wamebanwa. Ardhi nzuri ilichukuliwa na walowezi, watu na mifugo wakarundikana mahali padogo, na udongo ukawa unachukuliwa na kila mvua. Serikali ya kikoloni ikaona dawa ni kuwanyang'anya watu ng'ombe wao. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba wakaenda kwa miguu mpaka Nairobi kudai ng'ombe hao, wakakaa huko kwa wiki nyingi mpaka serikali ikarudi nyuma. Lakini shida ya ardhi ilibaki pale pale. Ndipo serikali ikatupa macho kwenye pori la Makueni, ili watu wahamishiwe huko.

Pori hilo lilikuwa la miiba mitupu. Lilikuwa na mbung'o, ambao huwaletea ng'ombe ugonjwa wa nagana. Tena lilikuwa limejaa vifaru weusi, ambao kwa Kikamba tunawaita mbusya. Kifaru mweusi hali nyasi. Ana mdomo wa juu uliochongoka kama kidole, na kwa huo huvunja vijiti na majani ya miti ya miiba. Kwa hivyo pori lile kwetu lilikuwa balaa, lakini kwake lilikuwa jikoni. Mtu akienda kufyeka, kifaru hutoka kichakani kama gari lililokatika breki.

Hunter akaamriwa awaondoe. Tangu Agosti 1944 mpaka Oktoba 1946, idadi inayotajwa ni vifaru 996 waliouawa kwa bunduki yake. Sitaki usome tarakimu hiyo haraka haraka. Mimi nilipoisoma nilitazama gwaride la asubuhi, nikahesabu wanafunzi wote wa shule yetu, wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na walimu na wapishi, na bado hawakufika. Na leo hii, ukiwahesabu vifaru weusi wote walioko Kenya nzima, ni yapata elfu moja. Yaani alichoua mtu mmoja katika muda wa miaka miwili na ushei, hapa kwetu, kinakaribia idadi ya wote tulio nao sasa.

Lakini tusimsingizie kama ule mti wa homa. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa bado na vifaru weusi kama 20,000. Waliowamaliza mpaka wakabaki chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980 ni majangili, wakitafuta pembe za kuuza ng'ambo. Hunter hakuwa jangili. Alitumwa na serikali. Tena hakuenda peke yake. Wasaka nyayo na wabeba bunduki walikuwa Wakamba, watu waliosoma unyayo kama sisi tunavyosoma ubao. Bila macho yao angekanyagwa mara ngapi? Lakini hoteli ina jina la Hunter, na majina yao hayako popote penye rangi.

Nilipofika hapo nilikwama. Nikaenda kwa susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, anayeishi upande wa Wote. Nilimsomea niliyoandika. Alisikiliza huku akichambua kunde. Nilipomaliza aliniambia kitu ambacho hakimo kitabuni. Shamba lile nililokuwa nimekalia, ambalo limemsomesha baba yangu na sasa linanilipia karo, liko ndani ya pori lile lile lililofyekwa. Baba yake susu alikuwa mmoja wa wale waliokuja Makueni kutoka milimani, yeye susu akiwa amebebwa mgongoni.

Alisema wazee walikataa kwanza. Waliona serikali iliyochukua ng'ombe haiwezi kutoa ardhi bure. Walishuku kwamba wao watafyeka, kisha wazungu watakuja kukaa. Waliokubali walikuja kwa woga, na mwaka wa kwanza walilala wakisikiliza kila kishindo. Lakini kifaru hakuja. Susu amekua, ameolewa, amezeeka Makueni, na maisha yake yote hajamwona mbusya hata mmoja. Amesikia tu hadithi za wazee waliofukuzwa mpaka wakapanda juu ya miti ya miiba bila kujali miiba.

Nilimuuliza kama Hunter alifanya vizuri au vibaya. Alicheka. Aliniuliza kama leo nimekula. Nikasema ndiyo. Akaendelea na kunde zake.

Kisha akaomba daftari langu la miti nimsomee. Susu hajui kusoma lakini alinisahihisha mara nne. Aliniambia kwamba jambo linalomsikitisha yeye ni miti. Bunduki ilipomaliza kazi, panga na shoka vilianza, na katika kufyeka pori la mbung'o watu walifyeka hata miti ya maana. Ulipokuja mwaka wa njaa, walitembea mbali kutafuta vilului waliyoing'oa wenyewe mlangoni. Maneno hayo yalinichoma kuliko yote ya kitabuni.

Nilirudi shuleni nikasoma makala yangu mbele ya chama. Kukazuka mjadala wa kufa mtu. Mwenzangu mmoja alisema mtu aliyeua vifaru 996 hastahili kurasa za gazeti letu, na kwamba afadhali niandike habari za Muindi Mbingu. Mwingine akamjibu kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwamba kama kifaru angesimama mlangoni kwao asubuhi angekuwa wa kwanza kumwita Hunter. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye huwa hasemi neno, akauliza kwa nini walowezi waliokalia ardhi nzuri hawakuhamishwa wao, badala ya vifaru. Darasa likanyamaza. Mpaka leo sijasikia swali zuri kuliko hilo, na mwalimu aliliandika ubaoni likakaa siku nzima.

Naye Hunter mwenyewe alionaje? Hili ndilo lililonifanya nisiitupe karatasi yangu. Katika kitabu chake aliuliza kama ilikuwa haki kuwaua wanyama wa ajabu namna ile ili kupata ekari chache zaidi kwa ajili ya watu wanaoongezeka kila siku. Aliuliza, lakini hakujijibu. Kwa mtu aliyeishi kwa bunduki, kuuliza tu ni hatua.

Alipostaafu angeweza kurudi kwao Skotilandi kwenye bata wake, au kununua nyumba Nairobi. Hakufanya hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuja kwenye chemchemi ya Kiboko, chini ya ile migunga ya manjano, akajenga hoteli ndogo. Hakuikata migunga, ijapokuwa wazungu wenzake waliiita miti ya homa. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wakawa wanapumzika hapo, wanakunywa chai, wanatazama ndege. Mzee Hunter alikaa nao akiwapigia hadithi za tembo na simba. Alifariki mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru. Hakuishi kuona serikali ikipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, wala hakuona mwaka 1986 vifaru wachache waliosalia wakizungushiwa ua kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, wakilindwa usiku na mchana na watu wenye bunduki. Zamani bunduki ilimwondoa kifaru, sasa bunduki inamlinda. Dunia hii!

Mimi sisemi kwamba alijenga pale kwa majuto. Siwezi kuingia moyoni mwa mtu aliyekufa kabla hata baba yangu hajazaliwa. Pengine alipenda tu maji na kivuli, kama sisi tulivyovipenda siku ile. Ninachojua ni kwamba mtu huyu alisaidia kuufanya Makueni uwe wa mahindi na kunde, na ni huyu huyu ambaye jina lake limebaki juu ya kipande kidogo cha miti ambako mwanafunzi wa Kiboko anaweza kukaa na daftari akajifunza pori lilikuwaje. Vyote viwili ni vyake, na vyote viwili ni vyangu. Waswahili walisema usione vyaelea, vimeundwa. Shamba letu nalo laelea, nami sasa najua liliundwa kwa nini.

Msomaji, sikuombi umpende Hunter wala umchukie. Naomba mambo mawili tu. La kwanza, siku ukipata nafasi, nenda ukakae chini ya miti na mtu anayeijua kwa majina, awe mwalimu au awe susu wako. Utaburudika, tena utaelimika bila kulipa karo. Wazee wetu hawana daftari. Wakiondoka, majina yanaondoka nao, na mti usio na jina hukatwa bila mtu kuuliza.

La pili, pasua kokwa la mukau. Susu alinipa makokwa kumi, akanionyesha jinsi ya kulipasua polepole. Sita niliyaharibu. Mbegu nne nilizipanda nyuma ya nyumba, tatu zikaota, mbuzi wa jirani akala mche mmoja. Imebaki miwili, nimeizungushia miiba ya muaa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni naimwagia maji niliyonawia uso.

Wasalaamu. Tukutane bustanini.